Mackay wa Usambiro na Suali la Barua Zilizogeuka Kitabu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baad. Ndugu zetu katika imani, ni nyumba chache za Unguja na Pemba leo zisizokuwa na kijana wake bara. Wapo walio Geita na Kahama kwenye machimbo ya dhahabu, na wapo walio na maduka Shinyanga mjini. Kijana huyo anafanya kazi bega kwa bega na Wakristo, na jioni mazungumzo yakifika kwenye dini, suali moja hujitokeza mara nyingi. Hivi vitabu vya Wakristo, yaani Injili nne na barua za Paulo, vilipoandikwa vilihesabiwa siku ile ile kuwa ni maandiko matakatifu? Au vilipewa daraja hiyo baadaye? Kijana wetu ama hunyamaza, ama hujibu kwa neno alilolisikia mahali ambalo halina msingi. Yote mawili ni hasara.

Tumeona tulijibu suali hili kwa kueleza maisha ya mtu aliyeishi na kufa katika ukanda huo huo wa dhahabu, kusini mwa Ziwa Victoria. Yeye si Muislamu. Ni mmisionari wa Kiskoti, Alexander Mackay, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kufasiri na kuchapa Injili. Tumemchagua kwa sababu yaliyotokea kwa barua zake mwenyewe baada ya kufa kwake yanatusaidia kufahamu yaliyotokea kwa barua za mwanzo za Wakristo.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini mwa Skotlandi. Baba yake alikuwa kasisi na mwandishi wa vitabu vya jiografia, na ndiye aliyemsomesha nyumbani mpaka alipofika umri wa miaka kumi na nne. Familia ilitaraji kijana awe kasisi kama baba yake, lakini yeye alipenda vyuma na mashine. Akasomea ualimu Edinburgh, kisha uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani kufanya kazi ya kuchora mitambo katika kiwanda cha Berlin.

Mwishoni mwa mwaka 1875 magazeti ya London yalichapa barua ya msafiri Henry Morton Stanley. Ndani yake alieleza kuwa Mutesa, kabaka wa Buganda, anataka walimu wa dini ya Kikristo. Mackay akajitolea kwa jumuiya ya misheni ya Kanisa la Uingereza, ijulikanayo kwa kifupi CMS, na mwezi wa Aprili 1876 akaondoka kwao. Hakurudi tena.

Kupita Unguja

Mwezi wa Mei mwaka ule alifika Unguja, wakati wa utawala wa Sayyid Barghash. Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kanisa lilikuwa linajengwa chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere. Steere huyu ndiye aliyesimamia kufasiriwa kwa Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja, na akafariki mwaka 1882. Kwa hiyo vitabu vya mwanzo alivyosomesha Mackay huko bara vilikuwa vimeandikwa kwa lugha ya visiwa vyetu, na ndani yake yamo maneno ambayo sisi tuliyazoea msikitini kabla ya kuyasikia kanisani: dhambi, sala, imani, malaika, roho.

Mackay alipata homa kali njiani akarudishwa pwani. Alipopona alitengeneza njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Wenzake wawili waliomtangulia waliuawa Ukerewe mwezi wa Disemba 1877, katika ugomvi baina ya mtawala wa kisiwa kile na mfanyabiashara mmoja. Mackay akapita nchi ya Wasukuma mpaka ukingo wa ziwa, akavuka kwenda Ukerewe kuzungumza na mtawala yule yule bila ya silaha, akaitengeneza mashua iliyooza, na mwezi wa Novemba 1878 akawasili Buganda.

Vitabu viwili mbele ya kabaka

Hapa tusisahau jambo. Mackay hakukuta watu wasiojua maana ya kitabu. Uislamu ulitangulia Buganda kwa zaidi ya miaka thalathini. Wafanyabiashara kutoka Unguja na Tabora walifika kwa Kabaka Suna katika miaka ya 1840, na miongoni mwao Ahmed bin Ibrahim ndiye anayekumbukwa kwa kumwambia kabaka kuwa watu aliokuwa akiwaua wana Mola aliyewaumba. Mutesa, mwana wa Suna, alijifunza kusoma Kiarabu, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na akaitangaza dini nchini mwake. Kisha vijana wa Kiislamu walipokataa kuswali nyuma yake na kula nyama isiyochinjwa kisheria, aliwageuka. Katika miaka ya 1870 aliwaua makumi yao Namugongo. Mwenyezi Mungu awarehemu. Waislamu wa Uganda wanawahesabu kuwa mashahidi wao wa mwanzo.

Na hata Ukristo ulipoingia, uliingia kwa mkono wa Unguja. Kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesoma katika skuli ya misheni kisiwani, alifuatana na Stanley mwaka 1875, naye ndiye aliyebaki Buganda kumsomea Mutesa.

Kwa hiyo Mackay alipokaa barazani, mbele yake walikuwepo watu wenye Msahafu. Mijadala ilikuwa mingi: kuhusu Nabii Issa (A.S.) ni nani, kuhusu biashara ya watumwa, na kuhusu kitabu kipi ni neno la Mungu. Tuseme ukweli kama ulivyo. Katika biashara ya watumwa Mackay alisema haki, na baadhi ya wafanyabiashara waliojinasibisha na dini yetu hawakuwa na hoja ya kuwatetea. Lakini katika suali la kitabu, pande mbili zilikuwa zikitumia neno moja kwa maana mbili tafauti, na tafauti hiyo ndiyo inayotuleta hapa.

Waganda waliokuwa wakijifunza dini waliitwa wasomaji, wawe Waislamu au Wakristo. Kuingia dini kulikuwa ni kujifunza kusoma. Mackay alichonga herufi za mbao kwa mkono wake ili achape karatasi za kusomea, na baadaye akatumia mashine ndogo ya kuchapia. Watu walimjia kwa ajili ya ufundi wake. Alipokufa mama wa kabaka, mwaka 1882, yeye ndiye aliyetengenezwa msaada akatengeneza jeneza. Na usiku, kwa mwanga wa taa, alikaa na vijana akifasiri Injili ya Mathayo kwa Kiganda.

Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Januari 1885 wasomaji watatu vijana wa misheni walichomwa moto. Oktoba ya mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga alipokuwa njiani, na mwaka 1886 wakauawa wengi, Wakatoliki na Waprotestanti. Julai 1887 Mwanga, kwa ushauri wa baadhi ya wafanyabiashara wa barazani kwake, akamtoa Mackay nchini.

Usambiro

Mackay alivuka ziwa na kutua Usambiro, upande wa kusini, katika ardhi ambayo miaka michache baadaye Wajerumani waliipima wakitafuta dhahabu. Leo dhahabu ya ukanda ule, kutoka Geita hadi Bulyanhulu, inajulikana duniani kote. Yeye hakutafuta dhahabu. Alijenga nyumba, karakana na chumba cha kuchapia. Akaanza kuunda injini ya boti ya mvuke kwa vyuma vilivyochukuliwa na wapagazi kutoka pwani. Machi 1888 Askofu Parker, aliyekuja kuchukua nafasi ya Hannington, alifariki hapo hapo kwa homa.

Huku nyuma Buganda iliwaka moto. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumtoa Mwanga, na wiki chache baadaye Waislamu wakawatoa Wakristo. Wakimbizi wakafika mpaka Usambiro. Vita viliendelea, mara hawa wako juu, mara wale. Tunalitaja jambo hili kwa huzuni, kwa sababu waliouana walikuwa ni wasomaji wa pande zote mbili, na kila mmoja alikuwa na kitabu mkononi.

Agosti 1889 Stanley alipita akirudi pwani na akakaa kwa Mackay kiasi cha wiki tatu. Alimuona amechoka na akamshauri waondoke pamoja. Mackay hakukubali kuondoka kabla ya kupata wa kumbadili. Aliendelea kuchapa Mathayo na kufasiri Injili ya Yohana. Februari 1890 homa ilimshika, na tarehe 8 akafariki akiwa na umri wa miaka arubaini, bila ya mke wala mtoto. Alizikwa Usambiro, na mwaka 1927 mabaki yake yakahamishiwa Namirembe, Kampala.

Barua zake zilivyogeuka kitabu

Kwa miaka kumi na nne Mackay aliandika barua nyingi kwa baba yake, kwa dada yake na kwa wakubwa wake London. Aliandika kuhusu homa, bei ya shanga, vyuma vilivyopotea njiani, hasira za kabaka na maendeleo ya vijana wake. Alikuwa akijibu mambo ya siku ile. Alipokufa, dada yake alizikusanya barua na shajara zake, na mwaka ule ule wa 1890 zikatoka kitabu. Watu wa makanisa walikisoma, na vijana wakajitolea kwenda misheni kwa sababu yake. Barua iliyoandikwa kuomba misumari ikawa inasomwa kwa machozi na watu ambao mwandishi hakuwajua.

Wakristo hawakukifanya kitabu kile kuwa maandiko matakatifu, na hatusemi hivyo. Tunachosema ni kuwa hapa tunaona kwa macho yetu namna maandishi yanavyoweza kupanda daraja baada ya kutoka mkononi mwa mwandishi.

Sasa tuziangalie barua za Paulo

Paulo aliandika barua zake kiasi cha miaka ya 50 baada ya kuzaliwa Nabii Issa (A.S.), na kwa mujibu wa wanavyuoni wengi wa historia, ni za kabla ya Injili nne. Ukizisoma utakuta ni barua kweli kweli. Anapowaandikia Wakorintho anataja watu aliowabatiza, kisha anasema hakumbuki kama yupo mwengine. Katika mas-ala ya ndoa anatenganisha amri iliyotoka kwa Bwana wake na rai yake mwenyewe. Barua kwa Filemoni ni ya kumuombea mtumwa aliyeachana na bwana wake. Na waandishi hawa walipotaja Maandiko, kwa kawaida walikusudia Taurati, Zaburi na vitabu vya Manabii waliotangulia. Luka naye, mwanzoni mwa kitabu chake, anaeleza kuwa wengi wamejaribu kuandika habari hizi, na yeye amefuatilia na kupanga. Hayo ni maneno ya mtu anayekusanya habari.

Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Paulo aliwataka Wathesalonike barua yake isomwe kwa ndugu wote, na aliwaambia Wakorintho kuwa anayowaandikia ni amri ya Bwana. Kitabu cha Ufunuo kinajieleza kuwa ni unabii na kinamuonya mwenye kukiongeza au kukipunguza. Barua ya pili ya Petro inazitaja barua za Paulo pamoja na Maandiko mengine, ingawa wanavyuoni wengi wanaiona barua hiyo kuwa ni miongoni mwa vitabu vya mwisho kuandikwa. Kwa hiyo si sahihi kusema kuwa waandishi hawa hawakudai mamlaka yoyote.

Yaliyofuata yalichukua vizazi. Kiasi cha mwaka 150, Justin, aliyekuwa Roma, anaeleza kuwa kumbukumbu za mitume zilisomwa siku ya Jumapili pamoja na vitabu vya Manabii. Kiasi cha mwaka 180 Irenaeus wa Lyon alitetea Injili nne, si zaidi wala pungufu. Kwa muda mrefu makanisa yalitafautiana kuhusu Waebrania, Ufunuo na barua ndogo ndogo, na mengine yalisoma vitabu ambavyo leo havimo, kama kile cha Hermas. Orodha ya mwanzo tunayoijua yenye vitabu ishirini na saba vile vile vya leo ni ya Athanasius wa Alexandria, katika barua yake ya mwaka 367. Na mpaka leo kanisa la Ethiopia, jirani zetu, lina Biblia yenye vitabu vingi kuliko ya wengine.

Hapa tuwasahihishe na vijana wetu. Inasemwa sana katika mihadhara kuwa vitabu vya Biblia vilichaguliwa kwa kura katika mkutano wa Nikea mwaka 325. Si kweli. Mkutano ule ulijadili uungu wa Issa na mambo mengine ya kanisa, haukupanga orodha ya vitabu. Mwenye kulisema hilo mbele ya Mkristo aliyesoma atavunjika hoja, na ataivunjia heshima hoja iliyo sahihi.

Na sisi je?

Muislamu akilisikia hili huenda akasema: na Qur-ani nayo si ilikusanywa baadaye? Ndiyo, ilikusanywa katika Msahafu mmoja wakati wa Abubakar Siddiq (R.A.) baada ya vita vya Yamama, kwa kazi ya Zayd bin Thabit (R.A.), na nakala zikapelekwa mijini wakati wa Uthman (R.A.). Lakini kukusanya ni jambo moja, na kujua kuwa maneno haya ni wahyi ni jambo jengine. Aya iliposhuka, Mtume (S.A.W.) aliisoma siku ile ile kuwa ni maneno ya Mwenyezi Mungu, masahaba wakaihifadhi na kuiswalia, na waandishi wakaiandika. Haikungoja kizazi kingine kuipa daraja.

Dalili iliyo wazi zaidi ni barua. Mtume wetu (S.A.W.) naye alipeleka barua: kwa Heraclius mfalme wa Warumi, kwa Kisra wa Uajemi, kwa Muqawqis wa Misri. Masahaba walimpenda kuliko nafsi zao na walihifadhi hata habari za pete aliyopigia muhuri. Hata hivyo hakuna aliyediriki kuitia barua yake hata moja ndani ya Qur-ani. Bali imepokewa katika Sahih Muslim kuwa kuna wakati aliwakataza wasiandike kutoka kwake kitu kisichokuwa Qur-ani, na maulamaa wengi wameeleza kuwa ni kwa kuchelea kuchanganya. Hata Hadithi Qudsi, ambayo maana yake inatoka kwa Mwenyezi Mungu, haisomwi ndani ya Swala. Mpaka uliwekwa tangu mwanzo na mwenye kupokea wahyi mwenyewe.

Basi jibu kwa kijana wetu ni hili. Sisi tunaamini Injili aliyoteremshiwa Nabii Issa (A.S.), na kuikanusha ni kutoka katika imani. Vitabu vilivyomo katika Agano Jipya ni maandishi ya watu waliomuelezea au walioandikia makanisa baada yake. Sehemu kubwa yake haikuandikwa kama maandiko matakatifu, bali ilipewa daraja hiyo kwa kusomwa kanisani kizazi baada ya kizazi, ingawa baadhi ya waandishi walidai mamlaka tangu mwanzo. Mkristo ana haki ya kueleza kuwa kwake yeye Mungu aliongoza mchakato huo, na hiyo ni imani yake. Sisi tunamueleza kwa nini kwetu kitabu cha wahyi kinajulikana tangu siku ya kushuka.

Na katika kueleza, tusidharau. Suratul Ankabut imetuelekeza kujadiliana na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora. Na katika Sahih Bukhari tumefundishwa kuwa wakitusimulia yaliyomo vitabuni mwao, tusiwasadikishe wala tusiwakadhibishe, bali tuseme kuwa tumeamini yaliyoteremshwa kwetu na kwao. Kukichana au kukikejeli kitabu cha jirani si daawa. Ndani ya kitabu hicho yamo majina ya Manabii tunaowapenda.

Mackay alikosea katika itikadi, kwa imani yetu, na aliiona dini yetu kwa jicho kali. Lakini alijifunza lugha za watu, alikaa nao, na alikufa akiwa na kazi mkononi. Wazazi walio visiwani, mkizungumza na vijana wenu walio Geita, Kahama na Shinyanga, muwaulize na hili: wamesoma kiasi gani cha Kitabu chao, ambacho hakina shaka? Mtu wa mbali alichonga herufi za mbao ili watu wasome. Sisi Msahafu umo nyumbani, juu ya kabati, na pengine una vumbi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walio mbali, awape riziki ya halali, ulimi wa ukweli na tabia njema kwa majirani zao, na aijaalie Qur-ani iwe nuru ya nyumba zetu. Amin.

Wallahu aalam.